Kipimo Kikipanda, Afya Nayo Imepanda?



Walaji wengi wanaofika kwetu huja na swali linalofanana. Wamenunua kirutubisho cha kopo, chupa au pakiti, kimeandikwa kwamba kimethibitishwa kisayansi, nao wanataka kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Ukimwuliza muuzaji kilichothibitishwa ni nini hasa, jibu lake mara nyingi huwa ni kipimo. Bidhaa hii hupandisha damu. Ile hushusha lehemu. Nyingine hurekebisha sukari au huongeza madini ya chuma. Pengine atatoa karatasi mbili za maabara za mteja wake wa zamani, moja ya kabla na nyingine ya baada ya kutumia bidhaa, na kweli namba zimebadilika. Huenda hata hasemi uongo. Sisi leo tunataka kuuliza swali linalofuata, ambalo karatasi zile mbili hazilijibu: namba ile ilipobadilika, mtu mwenyewe alipata nini?

Vitu hivyo vinavyopimwa, wataalamu huviita viashiria vya kibayokemia. Ni vitu vilivyomo ndani ya damu, mkojo, mate au sehemu nyingine ya mwili, ambavyo kiasi chake hutupa habari za jambo jingine tusiloweza kuliona moja kwa moja. Kreatinini katika damu hueleza jinsi figo zinavyofanya kazi. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, hueleza akiba ya chuma iliyomo mwilini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na msemo huo unafaa sana hapa, mradi tukumbuke kwamba kila mkulima amekwisha kuona mawingu mazito yaliyopita bila kudondosha tone.

Hatusemi haya kwa nia ya kudharau vipimo. Utafiti wa lishe ungekuwa kipofu bila viashiria, na mfano wa karibu ni chumvi. Ukimwuliza mtu jana alikula chumvi kiasi gani, hawezi kukujibu hata akitaka kusema kweli. Aliyepika ni mwingine, mkate ulinunuliwa dukani, chipsi zilinyunyiziwa na kijana wa kibandani ambaye hapimi. Kwa hiyo watafiti wa chumvi huwaomba watu wakusanye mkojo wao wote wa saa 24, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya sodiamu tunayoila hutoka kwa njia hiyo. Ni kazi ya kuchosha, tena haina heshima, kutembea na dumu la mkojo kutwa kucha. Lakini dumu halisahau wala halioni haya. Kwa njia hiyo watafiti wamegundua mara nyingi kwamba watu hula chumvi kupita gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai na ndizo kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima.

Hapo kiashiria kinafanya kazi yake halali: kinaonyesha. Matatizo huanza pale kinapoondolewa katika kazi ya kuonyesha na kugeuzwa kuwa lengo lenyewe, yaani pale tunapokazana kuisogeza namba tukiamini kwamba afya itaifuata. Wakati mwingine afya huifuata. Wakati mwingine hubaki pale ilipokuwa, na kuna wakati inakwenda upande wa pili kabisa. Mfano tunaotaka kuuchambua kwa kirefu hautoki ng'ambo. Unatoka Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, malaria ilikuwa imeenea sana kisiwani humo, na upungufu wa damu ulikuwa jambo la kawaida kwa watoto wadogo. Ushauri wa kimataifa wa wakati ule ulikuwa kwamba, mahali ambapo upungufu wa damu umeenea kiasi hicho, watoto wote wadogo wapewe nyongeza ya madini ya chuma bila kupimwa mmoja mmoja. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Hemoglobini iko chini. Chuma hujenga hemoglobini. Basi apewe chuma. Lililokuwa halijapimwa ipasavyo ni kama watoto wanaopewa chuma hicho wanaugua kidogo zaidi na kufa kidogo zaidi kuliko wasiopewa.

Watafiti wakaanza kulipima. Katika sehemu ya utafiti tunayoizungumzia, watoto 24,076 wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 35 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa chuma na asidi ya foliki. La pili lilipewa chuma, asidi ya foliki na zinki. La tatu lilipewa vidonge vinavyofanana na hivyo kwa sura lakini visivyo na kiini chochote. Kisha waliwafuatilia watoto hao, wakihesabu waliolazwa hospitali na waliofariki. Mlaji anayesikia habari hii aizingatie hatua hiyo ya mwisho, kwani ndiyo inayotofautisha utafiti wa namna hii na karatasi mbili za muuzaji. Hawakuishia kuuliza kama damu ilipanda. Walikwenda kuuliza mtoto yuko wapi.

Mwezi wa Agosti 2003 ugawaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati wake, baada ya jopo la kusimamia usalama wa utafiti kuziona hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuugua kiasi cha kulazwa hospitali, wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge vitupu. Kidonge kilichokusudiwa kuwajenga kiliwaongezea hatari. Wakati huohuo utafiti kama huo ulikuwa ukifanyika kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo la namna hiyo, na kule chuma hakikuongeza vifo vya watoto wala hakikuvipunguza.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vimelea vya malaria na bakteria wengi nao wanahitaji chuma ili waishi na kuzaana. Mwili, unapopambana na maradhi, hukificha chuma ghalani ili adui asikipate. Ukikimimina kwa wingi wakati huo, unaweza kuwa unamlisha mgeni kabla ya mwenyeji. Na hapa tuseme neno la pembeni kwa walio na wasiwasi juu ya mchicha, maharage, dagaa au maini: chuma cha chakula huingia mwilini kidogo kidogo pamoja na mlo, hivyo halinganishwi anayekula mboga na anayemeza dozi nzima kwa mara moja.

Lakini habari ya Pemba haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayotufundisha zaidi juu ya viashiria. Ndani ya utafiti huo mkubwa kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu kabla ya kuanza. Mbali na hemoglobini, walipimwa kitu kiitwacho zinki protopofirini. Jina ni gumu lakini kazi yake inaeleweka kirahisi. Mwili unapotengeneza hemoglobini na kukikosa chuma, huweka zinki mahali pake, na hicho kilichokosewa hubaki ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikiweza kupimwa. Kikiwa kingi, ni dalili kwamba chuma kimekosekana kiwandani.

Katika kundi hilo dogo, watoto waliokuwa na upungufu wa damu na pia upungufu halisi wa chuma walinufaika: waliopewa chuma walipata madhara machache kuliko wenzao wa hali ileile waliopewa vidonge vitupu. Tuongeze kwamba watoto wa kundi hilo pia walipata uchunguzi na matibabu bora zaidi ya malaria kuliko wenzao wa utafiti mkubwa, nalo ni jambo la kuzingatiwa. Hata hivyo tofauti ilikuwapo. Kidonge kilekile kilimfaa aliyekosa chuma, na hatari iliwaelekea wale ambao hawakukihitaji. Hemoglobini peke yake haikuweza kuwatenganisha, kwa sababu hemoglobini hushuka kwa mambo mengi: malaria yenyewe, minyoo ya safura, selimundu, kuvuja damu, upungufu wa vitamini. Damu kuwa chini ni habari moja. Damu kuwa chini kwa kukosa chuma ni habari nyingine, nayo inahitaji kiashiria chake.

Baada ya Pemba ushauri wa kimataifa ulibadilika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 bado unaunga mkono kuwapa chuma watoto wa miezi 6 hadi 23 katika maeneo yenye upungufu wa damu kwa asilimia 40 au zaidi ya watoto wa umri huo, lakini unataka kwamba penye malaria jambo hilo liende sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria. Yaani chuma kiende pamoja na chandarua, kipimo na dawa ya malaria.

Sasa turudi dukani. Mama ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amepauka, hana hamu ya kula, jana usiku alikuwa na joto. Jirani anamwelekeza kwenye dawa ya maji ya kuongeza damu, chupa ina picha ya mtoto aliyenenepa akicheka. Hakuna aliyempima mtoto malaria. Hakuna aliyejua kama damu yake imepungua, sembuse kwa nini imepungua. Tunaomba mama huyo apite kwanza zahanati, mtoto apimwe malaria na damu, ndipo neno la chuma liamuliwe na mhudumu wa afya. Na mtoto mwenye selimundu asipewe chuma kabisa bila mtaalamu kuthibitisha kwamba amekikosa, kwa kuwa damu yake inapungua kwa chembe kuvunjika, tena kila anapoongezewa damu huongezewa na chuma kilichomo ndani yake.

Mama mjamzito asisikie haya akaviacha vidonge vya chuma na foliki alivyopewa kliniki. Habari ya Pemba ilihusu watoto wadogo. Mjamzito mahitaji yake ni mengine, faida ya vidonge hivyo kwake imepimwa kivyake, na kliniki hiyohiyo humpa kinga ya malaria. Aendelee kuvimeza, na kama vinamletea kichefuchefu aseme kliniki asaidiwe.

Kuna wanaotuuliza: kama hemoglobini haitoshi, si tupime feritini basi? Ni swali zuri, na jibu lake lina mtego. Feritini hushuka akiba ya chuma inaposhuka, na kwa mtu asiyeugua ni kiashiria kizuri sana. Lakini kumbukeni tulichosema, kwamba mwili unapopigana na maambukizi hukificha chuma ghalani. Feritini ndiyo ghala. Basi mtu mwenye homa, kidonda kilichooza au maambukizi ya muda mrefu anaweza kuonekana ana feritini ya kutosha hali akiba yake ni tupu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeweka mipaka miwili. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano asiyeugua, upungufu huhesabiwa feritini ikiwa chini ya maikrogramu 12 kwa lita. Mwenye maambukizi, chini ya 30. Kwa wakubwa ni chini ya 15 kwa asiyeugua na chini ya 70 kwa anayeugua.

Angalieni ukubwa wa pengo hilo. Mtu mzima mwenye feritini ya 40 akiwa mzima ana chuma cha kutosha, na mwingine mwenye 40 ileile akiwa mgonjwa huenda amepungukiwa. Namba ni moja na majibu ni mawili. Karatasi ya maabara haijui kama ulikuwa na homa siku uliyotolewa damu, isipokuwa umwambie anayeisoma. Kwa sababu hiyo maabara za utafiti hupima pamoja na feritini kiashiria kingine, protini iitwayo CRP, ambayo hupanda mwili unapokuwa vitani. Kiashiria kimoja humsaidia mwenzake kueleweka.

Mtu anaweza kudhani mambo haya yanahusu watoto na malaria tu. Hapana. Katika miaka ya 1980 watafiti wa nchi mbalimbali waliona kwamba watu wenye beta-karotini nyingi katika damu walipata saratani ya mapafu mara chache kuliko wengine. Beta-karotini ndiyo rangi ile ya karoti, ya embe na papai lililoiva, nayo imo pia katika majani ya kijani. Ikaonekana busara kuitia katika vidonge na kuwapa walio katika hatari. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa katika utafiti, na baadhi yao wakapewa beta-karotini. Namba ya damu ilipanda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1994 matokeo yalipotoka, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Nchini Marekani utafiti mwingine, uliohusisha watu 18,314 wakiwamo wavutaji, walioacha kuvuta na watu waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, ulisimamishwa Januari 1996. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walipata saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi.

Ilikuwaje? Beta-karotini ya damu ilikuwa kiashiria cha watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi, na watu hao walitofautiana na wengine kwa mambo mengi. Aliyetoa beta-karotini peke yake na kuigandamiza kidongeni alichukua kivuli akamwacha mtu. Mvutaji wa sigara anayeuziwa leo kopo la beta-karotini la "kusafisha mapafu" anauziwa kitu kilichopimwa kwa makini kwa watu kama yeye, na jibu likapatikana zaidi ya miaka 25 iliyopita. Papai halikushtakiwa na mtu yeyote.

Wala tusidhani kwamba ni vidonge vya vitamini pekee vinavyoponyoka hivyo. Kampuni kubwa ya dawa ya Pfizer ilitengeneza dawa iitwayo torcetrapib, ya kupandisha lehemu aina ya HDL, ile inayoitwa lehemu njema kwa kuwa walio nayo kwa wingi huwa na maradhi machache ya moyo. Katika utafiti wa watu 15,067, dawa hiyo ilipandisha HDL kwa asilimia 72 na kushusha LDL, lehemu mbaya, kwa asilimia 25. Kwa karatasi za muuzaji wetu, huo ungekuwa ushindi wa kupigiwa vigelegele. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa, kwa kuwa waliotumia dawa walikuwa wakifa zaidi: hatari ya kifo ilikuwa juu kwa asilimia 58. Dawa haikuingia sokoni. Tunasema hivi kwa ajili ya haki pia: viashiria vingine vimepita mtihani. Kushusha LDL kwa dawa za kundi la statini kumepunguza mshtuko wa moyo na vifo katika tafiti nyingi kubwa, na kushusha shinikizo la damu kumepunguza kiharusi. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa hizo asiziache kwa sababu ya maneno yetu.

Kwa hiyo mlaji anapoambiwa bidhaa imethibitishwa, aulize mambo machache kwa upole. Kilichobadilika ni kipimo, au ni watu walioacha kuugua? Waliojaribiwa walikuwa kina nani, wagonjwa au wazima, watoto au wakubwa, nao walilinganishwa na nani? Kama hapakuwa na kundi lililopewa kitu kitupu, hatuwezi kujua kama namba ingebadilika yenyewe, na namba hubadilika zenyewe kila siku. Mtu hupimwa akiwa na hali mbaya, na wiki ya tatu hali ya wengi huwa nafuu kuliko siku waliyopimwa, wawe wamekunywa dawa ya chupa au chai ya rangi. Muuzaji mwaminifu asiyejua atasema hajui. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Liko jambo jingine kuhusu karatasi za maabara ambalo huwatia watu hofu bure. Pembeni mwa kila jibu huandikwa kiwango cha kawaida. Viwango hivyo kwa kawaida huwekwa kwa kuchukua watu wenye afya na kukata mipaka inayowachukua 95 katika kila 100. Maana yake ni kwamba mtu mzima wa afya mmoja katika 20 atatoka nje ya mipaka bila kuwa na ugonjwa wowote. Sasa, kifurushi cha "kupima mwili mzima" chenye vipimo 20 visivyotegemeana kitampa mtu mzima wa afya uwezekano wa takriban asilimia 64 wa kuona angalau namba moja iliyopigwa nyota. Si ajabu, basi, kwamba karibu kila anayenunua kifurushi hicho hutoka na jambo la kutibiwa, na kwamba kirutubisho cha kulitibu kinauzwa mlango wa pili.

Kipimo cha sukari nacho kina siri zake. Kile kinachoitwa HbA1c, ambacho wengi hukijua kama sukari ya miezi mitatu, hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, ndipo hukusanya kumbukumbu ya miezi hiyo, na jibu la asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Lakini kinategemea chembe ziishi umri wake. Kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au aliyepoteza damu nyingi, kumbukumbu hiyo huwa imekatwa. Hata aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye si mgonjwa, jibu lake linaweza kuwa chini ya hali halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 miongoni mwa Wamarekani weusi ulionyesha hivyo, na kwetu Afrika Mashariki watu wa namna hiyo ni wengi. Anayejua kwamba kwao kuna selimundu amwambie daktari kabla ya kupimwa, ili kipimo hicho kilinganishwe na sukari ya kawaida ya asubuhi kabla ya kula. Asije akaambiwa yu salama kwa namba isiyomhusu.

Mwisho tuzungumzie vile vifaa vinavyozungushwa kwenye minada, ofisini na nyumba za ibada, ambavyo mtu hushikishwa kijiti cha chuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta ikatoa kurasa nyingi: kalisi imepungua, ini limechoka, vitamini B12 iko chini, sumu imejaa. Tulichoeleza leo kuhusu viashiria kinatosha kulikata shauri hilo. Kiashiria cha kibayokemia hupimwa ndani ya kitu kilichotoka mwilini au kilichomo mwilini, kwa kemikali na mashine zinazohakikiwa kwa sampuli zinazojulikana kiasi chake. Vitamini B12 ya damu haipimwi bila damu. Kijiti cha mkononi hakiioni, hata kama rangi za kwenye kompyuta zinapendeza na hata kama aliyekishika amevaa koti jeupe. Tofauti na kipimo cha feritini, kinachoweza kusomwa vibaya, hiki hakina cha kusomwa.

Anayetaka kukihakiki mwenyewe ana njia isiyo na gharama. Akishapimwa, aombe kupimwa tena baada ya dakika kumi kwa jina jingine, umri mwingine na uzito mwingine, kisha aziweke karatasi mbili pamoja. Mwenye mashine akikataa, mlaji anayo haki ya kuondoka bila kununua chochote.

Na aliyekwisha kulipa ahifadhi risiti, karatasi ya majibu na kifungashio cha bidhaa aliyouziwa baada ya kupimwa, akiandika kando tarehe, mahali na maneno aliyoambiwa kwa kadiri anavyoyakumbuka. Vitu hivyo ndivyo tunavyoviuliza kwanza malalamiko yanapotufikia, na bila risiti wengi wamerudi mikono mitupu.